Koha kwenye laptopu ya mwanafunzi wa ukutubi wa masafa

Anayesoma ukutubi kwa masafa, iwe Chuo Kikuu Huria cha Tanzania au kwingineko, nadharia anaipata ya kutosha: kanuni tano za maktaba za Ranganathan za mwaka 1931, Dewey na namba zake za kuainisha vitabu, kanuni za uorodheshaji za RDA zilivyochukua nafasi ya AACR2. Vitini vinapakuliwa, mazoezi yanapandishwa, mtihani unafanywa. Kinachobaki nyuma ni mkono. Mwenzake wa darasani ana maabara ya chuo. Yeye anasubiri wiki chache za fildi, na huko kazi ya kwanza anayopewa ni kubandika lebo na kurudisha vitabu rafuni. Nywila ya kuingiza rekodi kwenye katalogi inayotumika hapewi mgeni, na huwezi kuwalaumu.

Koha inaziba sehemu kubwa ya pengo hilo, bila kulipia leseni. Ni mfumo kamili wa kuendesha maktaba: uorodheshaji, uazimishaji, wanachama, ununuzi, majarida, ripoti. Uliundwa New Zealand kwa ajili ya maktaba za Horowhenua, ukaanza kazi Januari 2000, wakati mfumo wao wa zamani ulikuwa ukitiliwa shaka kwa sababu ya tarehe kuingia mwaka 2000. Neno lenyewe ni la Kimaori, maana yake zawadi. Tofauti na programu za kujifunzia, huu si mfano wa mfumo bali ndio mfumo wenyewe. Ukiuzoea nyumbani, ukiukuta kazini unakaa na kuendelea.

Usianze kwa kusakinisha. Tovuti ya jumuiya ya Koha ina orodha ya mifumo ya majaribio inayofunguka kwa kivinjari tu. Itumie wiki moja kujua menyu. Usiweke humo zoezi la kukusanya alama, maana mifumo hiyo hufutwa na kuanzishwa upya, na kazi yako inakwenda nayo.

Ukiamua kuwa na yako, laptopu yenye RAM ya GB 4 inajikongoja, ya GB 8 inatulia. Kama hutaki kuiondoa Windows, weka VirtualBox, programu ya kuunda mashine pepe, na ndani yake Debian au Ubuntu, mifumo endeshi ya Linux. Andaa bando la kutosha, kwani upakuaji wote unaweza kupita GB 1. Baada ya kuongeza hazina ya Koha kwenye apt, zana ya Linux ya kusakinisha programu, unasakinisha mariadb-server (hifadhidata) na koha-common (Koha yenyewe), unawasha moduli za seva ya wavuti ya Apache (rewrite, cgi, headers, proxy_http), kisha unaunda maktaba yako kwa amri ya koha-create --create-db maktaba. Neno la mwisho ni jina ulilochagua wewe.

Wengi hukwama kwenye mlango (port), yaani namba ambayo kivinjari hupitia kufikia ukurasa. Upande wa wasomaji na upande wa wafanyakazi ni kurasa mbili, na zikiwekwa kwenye mlango mmoja bila majina ya tovuti tofauti, unafungua ukurasa wa kazi unaletewa wa wasomaji. Kabla ya koha-create, fungua /etc/koha/koha-sites.conf, weka INTRAPORT kuwa 8080, kisha ongeza mstari wa Listen 8080 kwenye ports.conf ya Apache. Ukisahau huo wa pili, kivinjari kitakuambia hakuna kitu hapo, nawe utaanza kusakinisha upya bila sababu. Nywila ya kuingilia mara ya kwanza inatolewa na koha-passwd maktaba. Akaunti hiyo ni ya hifadhidata, haifai kwa kazi za kila siku: kisakinishi kitakuomba uunde mtumiaji wako mwenyewe, tumia huyo.

Kisakinishi kinauliza MARC21 au UNIMARC, miundo miwili ya kuandika rekodi za vitabu; kwa Afrika Mashariki chagua MARC21. Kubali data za mfano inazopendekeza, hasa seva za Z39.50. Hizo ndizo zitakazokuwezesha kuvuta rekodi za maktaba nyingine.

Kabla ya kuingiza kitabu cha kwanza, kuna mipangilio miwili ambayo mwongozo wa Kimarekani hautakusisitizia. Ukibofya sehemu ya 008, inayobeba lugha na nchi ya kitabu, Koha inaijaza yenyewe, na isipoelekezwa vingine inaandika lugha eng na nchi xxu, yaani Kiingereza na Marekani. Matokeo yake diwani iliyochapwa Dar es Salaam inaingia kwenye katalogi kama kitabu cha Kiingereza cha Marekani. Rekodi inaonekana safi machoni. Ubaya unajitokeza msomaji anapochuja kwa lugha na kukuta maktaba ya Kiswahili haina kitabu cha Kiswahili hata kimoja. Nenda kwenye mipangilio ya mfumo, DefaultLanguageField008 iwe swa, na DefaultCountryField008 iwe tz au ke kulingana na ulipo.

Sasa chukua diwani yoyote iliyo karibu uiingize. Kila taarifa ina namba ya sehemu yake: ISBN inakwenda 020, mwandishi 100, jina la kitabu 245, mchapishaji 264, kurasa na kimo 300, somo 650. Simama kwenye 245, kwa sababu hapo vijana wengi wanaharibu bila kujua. Kiashiria chake cha pili kinaeleza ni herufi ngapi za mwanzo zirukwe wakati wa kupanga majina. Kiingereza chenye The mwanzoni huandikwa 4, yaani herufi tatu na nafasi moja. Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo, kwa hiyo ni 0. Aliyenakili kiolezo cha rekodi ya Kiingereza akaacha 4, kitabu chake kinachoanza na Mashairi kitapangwa kwenye A, chini ya "airi".

Namba ya Dewey inaingia 082. Lugha ya Kiswahili ni 496.392, fasihi yake 896.392, ongeza 1 kwa ushairi, 2 kwa tamthilia, 3 kwa riwaya na hadithi. Diwani yetu basi ni 896.3921. Historia ya Tanzania ni 967.8, ya Kenya 967.62. Lakini Koha haitakusahihisha. Ukiandika 896.3923 kwenye kitabu cha kemia itapokea bila kulalamika. WebDewey, yaani Dewey ya mtandaoni, ni ya kulipia, na huduma ya bure ya shirika la OCLC iliyoitwa Classify ilifungwa mwaka 2024, hivyo njia iliyobaki ni kulinganisha: tafuta kitabu hichohicho kwa Z39.50 katika Maktaba ya Bunge la Marekani, usome wenzako waliweka nini. Vitabu vya Kiswahili vimo kwa wingi kuliko mtu anavyodhani, kwa kuwa maktaba hiyo ina ofisi ya ukusanyaji Nairobi tangu 1966. Ainisha kwanza mwenyewe, ndipo uchungulie. Anayeanza kwa kuchungulia anajifunza kunakili tu.

Rekodi ikigoma kuhifadhiwa, tazama 040 $c (maktaba iliyoandika rekodi) na 942 $c (aina ya kitabu). Zote mbili ni za lazima. Ikihifadhiwa lakini haionekani unapotafuta, usiiingize mara ya pili. Utafutaji hausomi hifadhidata moja kwa moja, unasoma faharasa ya Zebra, na kinachoilisha faharasa hiyo kikiwa kimezimika, rekodi mpya hazifiki. Amri ya koha-rebuild-zebra -f -v maktaba inaijenga upya. Na ukikumbuka kwamba rekodi si nakala, utaepuka swali linaloulizwa na kila anayeanza, "mbona kitabu kipo lakini hakiazimishwi?" Kila nakala halisi inaongezwa kivyake, ikiwa na msimbopau wake na aina yake.

Upande wa uazimishaji ni mzuri zaidi kuliko vitini vyote. Tunga makundi mawili ya wanachama, watoto na watu wazima, aina mbili za vitabu, kisha andika kanuni: siku ngapi, vitabu vingapi, faini kiasi gani. Kundi lisilo na kanuni, mfumo unakataa kuliazimisha, na kosa hilo likikukuta nyumbani ni heri kuliko likukute mbele ya foleni. Faini zina mtego wake. Faini za vitabu ambavyo bado viko nje hupandishwa na kazi ya usiku ya seva, na kwa kawaida mashine inayozimwa usiku haiifanyi. Kabla ya kulaumu programu, kagua pia kama finesMode imewekwa kutoza.

Mapungufu yapo. Menyu zimejaa, msaada wa Kiswahili ni haba, na anayeogopa skrini nyeusi ya amri atahitaji mtu wa kumshika mkono siku ya kwanza. Matoleo makubwa hutoka kila Mei na Novemba, kwa hiyo picha za mwongozo wa zamani hazitafanana na unachokiona. Ni bora kuuliza maktaba utakayokwenda fildi wanatumia toleo gani, uweke hilo. Tena Koha haifundishi kuketi mezani na msomaji anayesema anataka "kitabu cha sheria" kumbe anatafuta fomu ya mirathi. Hilo ni la fildi, na ukifika fildi ukiwa tayari unajua 245 na 942, ndilo uombe kupewa badala ya lebo.

Kwa aliye mwaka wa kwanza, demo ya mtandaoni inatosha. Kuanzia muhula wa uorodheshaji, sakinisha yako na ujiwekee rekodi tano kwa siku, za vitabu ulivyovishika mkononi. Kila Ijumaa endesha koha-dump maktaba, kisha nakili kilichomo kwenye /var/spool/koha/maktaba uweke kwenye flashi, kwa sababu mashine pepe ikiharibika inaondoka na rekodi zote.