Kibanda cha vitabu vya mtumba Majengo: nenda kwa ajili ya majalada ya Superman

Nimechora mabango hapa Dodoma tangu enzi za brashi na rangi ya mafuta, kabla fleksi, yale mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine, hazijatumaliza. Kwa hiyo nikiingia kwenye kibanda cha vitabu siangalii hadithi, naangalia jalada. Someni mkijua hilo. Anayetafuta riwaya au vitabu vya kiada amuulize mwingine.

Kibanda chenyewe kiko vichochoroni nyuma ya Soko la Majengo, upande wa mafundi cherehani. Hakina kibao. Nimeshajitolea kukichora bure, mama mwenye kibanda akanijibu wateja wake wanamjua. Mzigo wake unatoka Dar kwenye viroba, na katikati ya Biblia za watoto na vitabu vya mapishi ya Kizungu huwa zinachomoza katuni za Kimarekani. Safari hii kulikuwa na boksi zima la Superman. Karibu zote ni za zamani zilizochapwa upya, si nakala za wakati ule, na nalisema mapema ili mtu asije akapanda basi kutoka Singida akidhani anakuja kutajirika. Nakala halisi ya Action Comics namba 1, jarida lililomtoa Superman mara ya kwanza, ilipigwa mnada Marekani mwaka 2024 kwa dola milioni 6. Ya Majengo ni elfu nne.

Na kwa elfu nne hiyo umepata darasa. Juni 1938, bei senti 10. Superman kanyanyua gari la kijani juu juu na kulibamiza kwenye mwamba, vipande vinaruka. Pale chini kushoto kuna jamaa kashika kichwa kwa mikono miwili, anakimbia kuja upande wako kama anataka kutoka kwenye karatasi. Mfunike huyo kwa kidole gumba: linabaki gari na mtu mwenye nguvu, basi. Ondoa kidole, hofu inarudi. Kingine, jina la Superman halimo popote kwenye jalada hilo. Mteja wangu yeyote angenirudishia bango la namna hiyo. Inaonekana hata wachapishaji hawakuwa na uhakika naye, maana hakurudi juu ya jalada mpaka namba 7. Mwandishi Jerry Siegel na mchoraji Joe Shuster waliuza haki zake kwa dola 130. Wachoraji wenzangu, hesabu hiyo mnaijua.

Lile la mwaka 1942 la Fred Ray, Superman kasimama na tai mkononi mbele ya ngao ya bendera ya Marekani, lipo pia, ukurasa ulionyofoka kwenye kitabu fulani. Limechorwa vizuri, ila kwa sisi tunaoishi mji wa Bunge linafanana mno na bango la kampeni. Nililirudisha bokisini.

Namba 233 ya jarida la Superman lenyewe, ya Januari 1971, ndiyo iliyonisimamisha. Neal Adams kamchora Superman akiikata minyororo ya kriptoniti, yale madini ya kijani yanayommaliza nguvu, kwa kutanua kifua tu. Mikono haifanyi kazi yoyote. Misuli ya Shuster ilikuwa mistari michache tu. Ya Adams unaihesabu mmoja mmoja, ukiwa na lenzi unaona hadi ngozi ya uso ilivyotengenezwa kwa vidoti vyekundu. Ukisogea hatua mbili, vidoti vinageuka uso. Mashine za fleksi haziwezi kunifundisha hilo.

Halafu likatoka la Superman na bondia Muhammad Ali. Hapo niliomba ndoo nikakaa. Ni la 1978, nalo kalichora Adams, na nakala ya mama ni ile iliyotolewa upya 2010 kwa jalada gumu. Lifungue ulilaze kifudifudi, kwa sababu picha inazunguka mbele mpaka nyuma: ulingoni Ali na Superman, na chini yao umati wa watu 172, kila mmoja na sura yake. Ndani kuna mchoro wenye namba unaokueleza nani ni nani. Nilimpata Lex Luthor, adui wa Superman, nikawapata wanamuziki wa Jackson 5, nikampata Rais Carter wa Marekani. Ni huyohuyo Carter ambaye mwaka 1980 alimtuma Ali hadi Dar es Salaam atushawishi tugomee Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu Nyerere akakataa kuonana naye. Nilimsimulia mama kisa hicho nikidhani ataniteremshia bei. Hakuteremsha. Elfu thelathini, nikalipa.

Sasa lawama. Mama anaandika bei kwa maka peni, tena juu ya jalada lenyewe. Kwenye nakala moja ya 233 kaandika "5,000/=" kifuani pa Superman, ubavuni mwa ile herufi S. Nilimwambia atumie stika juu ya nailoni. Akasema, "Fundi, nikibandika stika, vijana wanazibadilisha." Ana hoja, lakini mimi roho iliniuma.

La pili ni jua. Meza ya mbele inatazama magharibi, na jua la mchana la Dodoma mnalijua. Nyekundu ndiyo inayotangulia kufa, kila mchora mabango atakwambia, na Superman joho lake jekundu, bukta nyekundu, viatu vyekundu. Zile zilizokaa pale muda mrefu, joho limeshakuwa pinki. Usinunue cha mezani. Mwombe akuvutie boksi la chini ya benchi; humo rangi bado kali na karatasi haina ukungu, faida ya hewa yetu kavu ambayo watu wa Dar hawana.

Nenda asubuhi kabla upepo haujaanza kuinua vumbi, na beba nailoni yako, yeye anafunga kwa gazeti. Bei za kawaida ni kati ya elfu tatu na elfu tano, ukichukua kadhaa anapunguza. Kuna 233 moja imebaki haijaandikwa kifuani. Hiyo kaniwekea mpaka Ijumaa, msiiguse.