Zoezi la watu kumi na mmoja: tathmini kwa makocha wa kikapu

Ukiwa na uwanja mzima, mpira mmoja na wachezaji 11, hili ndilo zoezi la kasi la kuanza nalo. Kinachojenga ushirikiano hapa ni kwamba kila mpira ukifika ringini, majukumu yanabadilika papo hapo, na asiyesema anawakwamisha wenzake wote.

Watatu wanaanzia katikati na mpira. Kila upande wa uwanja una walinzi wawili mbele ya ringi, na wapokeaji wawili kwenye mistari ya pembeni, usawa wa mstari wa mitupo huru, yaani takriban mita 5.8 kutoka mstari wa mwisho. Watatu wanashambulia wawili. Mpira ukipigwa, yeyote kati ya hao watano atakayedaka ribaundi, yaani mpira uliokosa na kurudi (au kuuokota chini ya neti baada ya kikapu), anampa mpokeaji mmoja wa pembeni. Mpokeaji anaingia nao katikati, mpokeaji wa pili anakimbilia njia ya upande wake, na mdakaji anaijaza njia iliyoachwa wazi. Watatu hao wanashambulia upande wa pili, bila filimbi kusimamisha kitu.

Hapo wanabaki wanne, na hapo ndipo zoezi hufia kwenye timu nyingi, kwa sababu wote wanaangaliana. Wekeni kanuni kabla ya kuanza. Ribaundi ikidakwa na mshambuliaji, wenzake wawili wanabaki kulinda na walinzi wa zamani wanakwenda pembeni kuwa wapokeaji. Ikidakwa na mlinzi, aliyepiga mpira na mlinzi aliyebaki ndio wanaokwenda pembeni. Kila mmoja atamke kwa sauti: "Nalinda!" au "Pembeni!"

Kosa kubwa la washambuliaji ni mwenye mpira kupitiliza mstari wa mitupo huru. Akizama chini ya ringi, mlinzi mmoja anatosha kumzuia yeye na pasi yake kwa pamoja. Asimame pale kwenye mstari, atoe pasi mapema. Wa pembeni nao hubana katikati mapema mno. Wakimbie karibu na mstari wa pembeni, wakate kuelekea ringi wakifika usawa wa mstari huohuo wa mitupo huru. Kwa wachezaji waliokomaa, mdundo uruhusiwe mara tatu tu tangu mpokeaji apate mpira. Pasi zitaongezeka zenyewe.

Walinzi wasisimame bega kwa bega. Mmoja awe mbele amzuie mwenye mpira, mwingine nyuma mbele ya ringi. Pasi ya kwanza ikienda pembeni, wa nyuma ndiye anayetoka kuifuata, na wa mbele anarudi haraka kuziba eneo la chini ya ringi. Wakitoka wote wawili, ni kikapu cha bure.

Hesabuni vikapu vya timu nzima, si vya mtu. Mizunguko miwili ya dakika 4 inatosha. Mpira ukipotea bila kupigwa, punguzeni kikapu kimoja. Kuzidisha muda ni hasara: miguu ikichoka pasi zinalegea, na wachezaji wanazoea ulegevu huo.

Udhaifu wake upo wazi. Walinzi wanawasubiri washambuliaji, kwa hiyo hakuna anayejifunza kukimbia kurudi kulinda. Mkiwa 12, dawa ipo: wa kumi na mbili asimame pembeni kwenye mstari wa nusu uwanja. Mpira ukivuka nusu, aguse duara la kati, kisha awafukuze kama mlinzi wa tatu. Mbele ya ringi watabaki watano badala ya wanne, na mmoja wao anakimbia kushika nafasi yake.

Kwa wanaojifunza kudaka wakikimbia, zoezi hili bado ni mapema. Waanze na zoezi la kusuka watatu, ambapo watatu wanakimbia wakipasiana na kupishana njia: halina walinzi, kwa hiyo halifundishi uamuzi, lakini linatengeneza mikono na muda wa pasi. Na chini ya watu 11 msilazimishe. Pembeni mwa upande mmoja patakuwa tupu na mzunguko utakatika kwenye pasi ya pili.