Mafuta ya mgando yasiyo na manukato: tathmini kwa wenye mikono iliyopasuka, Mwanza

Kati ya vitu vyote vinavyouzwa Mwanza kwa ajili ya mikono iliyokauka na kupasuka, ninachokipa nafasi ya kwanza ni mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato wala rangi, yale ambayo kwenye kopo lake huandikwa herufi BP, yaani British Pharmacopoeia, kiwango cha dawa cha Uingereza. Sikusudii kuisifu kampuni fulani, kwa kuwa viwanda vinavyoyatengeneza ni vingi na kilichomo ndani ya makopo yao ni kilekile. Ninaandika nikiwafikiria zaidi wanaofanya kazi kama yangu, yaani kuparua samaki, kuwapasua na kuwatia chumvi, ingawa mama lishe, wafuaji wa nguo na wauguzi wanaonawa mikono kutwa nzima watakuta humu jambo linalowahusu.

Chanzo cha mipasuko kinastahili kuelezwa kwanza, kwa sababu mafuta haya husifiwa au hulaumiwa bure na watu wasiojua yanafanya kazi gani. Safu ya nje kabisa ya ngozi ni seli bapa zilizokufa na kupangana, na baina yake yamo mafuta ya asili yanayozuia maji ya mwili yasipotee hewani. Sabuni ya mche, ambayo pH yake (kipimo cha asidi na alkali) hufika 9 au 10 wakati ile ya ngozi yenye afya hukaa karibu na 5, haichagui: inaondoa shombo la samaki na inaondoa pia mafuta hayo. Kiganja kiko hatarini zaidi kwa kuwa, tofauti na uso au kichwa, hakina kabisa tezi za kutoa mafuta. Kina tezi za jasho tu. Safu hiyo ikishapoteza maji inakuwa ngumu, na kila vidole vinapokunjwa inapasuka pale inapojikunja, hasa kwenye viungo vya vidole na kando ya kidole gumba.

Pale Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, kazi ya kayabo, yaani sangara wa kutiwa chumvi na kukaushwa, inakusanya visababishi vyote hivi mahali pamoja. Sangara anapasuliwa, anasuguliwa chumvi ndani na nje, anapangwa, kisha anaanikwa mpaka akauke, tayari kusafirishwa mbali, wengine hadi Kongo. Mikono inashinda majini, inatoka majini inaingia kwenye chumvi inayonyonya unyevu, na jioni inamalizwa kwa sabuni kali ili harufu isiende nyumbani. Na miiba ya mgongoni mwa samaki haikosi kuchoma pale ngozi ilipokwisha kulainika. Kuanzia Juni hadi Agosti, mvua zikiwa zimekatika na hewa imekauka, hata mwenye mikono migumu huanza kupauka. Maumivu ya chumvi inapoingia kwenye ufa wa kidole anayajua aliyeyapata, na ninawaonea uchungu sana kina mama wanaoyavumilia msimu mzima wakiamini kwamba ni sehemu ya kazi isiyoepukika.

Mafuta ya mgando hayana maji ndani yake wala hayailishi ngozi chochote. Kazi yake ni kuifunika. Yanaweka utando ambao maji hayapiti kwa urahisi, na maji yanayopanda kutoka tabaka za chini za ngozi yanazuiliwa hapo, yanailainisha safu ya nje na kuipa nafasi ya kujijenga upya. Robert Chesebrough aliyapatia hataza nchini Marekani mwaka 1872 kwa jina la Vaseline, baada ya kuyasafisha kutoka kwenye mabaki ya mafuta ghafi ya petroli. Asili hiyo huwatia watu wengine hofu, lakini yale yaliyosafishwa kwa kiwango cha dawa hayana harufu, hayawashi, na ni nadra sana mtu kuyapatia mzio. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu ngozi iliyopasuka haina ulinzi, na manukato ambayo mtu aliyatumia miaka mingi bila tatizo yanaweza kuanza kumdhuru pindi yanapopitia kwenye nyufa.

Kwa kuwa mafuta haya huzuia maji badala ya kuyaleta, namna ya kuyapaka ndiyo inayoamua kama yatamfaa mtu au yatabaki kumchafulia shuka. Anayeyapaka kwenye mkono mkavu kabisa anafungia ukavu. Mikono ioshwe kwa maji ya baridi au ya uvuguvugu, kamwe isiwe kwa maji ya moto, ifutwe kwa kugandamiza kitambaa bila kusugua, na mafuta yapakwe ingali na unyevu kidogo. Kiasi kinachotosha mikono miwili hakizidi punje mbili za maharage; yaingizwe taratibu kwenye mikunjo ya vidole, kuzunguka kucha na ndani ya kila ufa. Saa yake bora ni usiku, baada ya maji ya mwisho ya siku, kisha mikono ivikwe soksi safi za pamba ili mafuta yasiishie kwenye godoro. Nimeona kwamba kuwashwa na kukaza kwa ngozi hupungua katika siku chache za mwanzo, wakati nyufa zenyewe huchukua muda mrefu zaidi kufunga, na zile za kina kando ya kidole gumba hazifungi mpaka zifunikwe pia kwa plasta mchana, kwa sababu kila zinapotaka kuungana kazi huzipanua tena.

Sasa kasoro zake, ambazo si ndogo kwa watu wa ziwani. Mkono uliopakwa mafuta ya mgando hauwezi kushika kisu. Mpini unateleza, na samaki mwenyewe anateleza, kwa hiyo ninashauri yasiguswe kabisa kabla ya kazi ya kupasua. Kukatwa na kisu ni balaa kubwa kuliko ufa. Kasoro ya pili inawahusu wanaovaa glavu: mafuta yatokanayo na petroli hudhoofisha mpira wa asili, yaani lateksi, na glavu iliyopakwa kwa ndani huchanika upesi, jambo ambalo mvaaji huligundua pale maji ya chumvi yanapokwisha kuingia. Anayetaka kuvaa glavu za lateksi aoshe mafuta kwanza au achague glavu za nitrili, ambazo si za mpira wa asili. Ya tatu ni moto. Kitambaa kilicholowa mafuta haya kikishika moto kinawaka haraka na ni vigumu kukizima, kwa hiyo soksi za mikononi zivuliwe kabla ya kukaribia jiko la mkaa au kibatari, na zifuliwe mara kwa mara, ingawa kufua peke yake hakuondoi mafuta yote.

Glisarini ndiyo mshindani wake mkubwa katika maduka ya dawa ya mjini, na ina nafasi yake. Yenyewe huvuta maji na kuyashikilia kwenye ngozi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani liliiweka katika mchanganyiko wake wa kutakasia mikono, kwa asilimia 1.45 tu, ili kupunguza ukavu unaoletwa na spiriti. Kiwango hicho kidogo ni fundisho kwa wanaoimimina ikiwa tupu. Glisarini isiyochanganywa, hasa wakati wa kiangazi, huvuta maji kutoka ndani ya ngozi yenyewe, na kwenye ufa ulio wazi inachoma. Ikichanganywa na maji safi ni msaada mzuri wa mchana kwa mtu ambaye hawezi kukaa na mikono ya mafuta, na ninaipenda zaidi inapotangulia usiku kisha ikafunikwa na mafuta ya mgando, kwa kuwa hapo moja inakamata maji na nyingine inayazuia yasitoke.

Mafuta ya nazi na siagi ya shea itokayo kaskazini mwa Uganda yana harufu ya kupendeza na yanalainisha, lakini utando wake ni mwepesi kuliko wa mafuta ya mgando, na kwa mikono ya kayabo sioni sababu ya kulipa zaidi. Krimu yenye yurea asilimia 10 ni habari nyingine. Hiyo huvuta maji na pia hulainisha sugu, kwa hiyo inawafaa wenye viganja vilivyokuwa vigumu kabisa na wenye magaga miguuni, ingawa huchoma kwenye ufa uliochimbika na bei yake si ya kila mtu. Mbolea ya urea inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo isifikiriwe hata kidogo kuwa mbadala wake, kwa kuwa haikuandaliwa kwa ajili ya mwili wa binadamu.

Ninalolihofia zaidi ya yote ni mirija midogo ya krimu za steroidi ambayo wengi wetu huinunua dukani bila kuandikiwa na daktari, kwa sababu wekundu na muwasho hupotea upesi. Dawa hizo zina kazi yake halali mtu anapougua pumu ya ngozi, kwa kipimo na kwa muda alioelekezwa. Zikipakwa miezi na miezi bila uangalizi hukondesha ngozi, na ngozi iliyokonda hupasuka kirahisi kuliko ile ya mwanzo. Vilevile zipo krimu za kung'arisha zinazotembezwa mkononi sokoni bila lebo inayoeleweka, nazo huweza kuwa na zebaki au haidrokwinoni, ambazo zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania, kwa hiyo alama ya TBS ndiyo ya kuangaliwa kwenye kopo la mafuta ya kupaka.

Kuna mikono ambayo mafuta ya mgando hayataiponya hata yakipakwa kila saa. Mkono mmoja ukiwa na magamba makavu na mwingine ukiwa mzima, fangasi wanaweza kuwa chanzo. Muwasho mkali wa usiku katikati ya vidole, hasa ukiwapata watu wengine wa nyumba hiyohiyo, huenda ni upele. Usaha, uvimbe, joto kwenye kidole au mstari mwekundu unaopanda kuelekea kwenye kiwiko havingoji jioni: anayeviona aende zahanati au kituo cha afya siku hiyohiyo, ambako atapewa rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando ikihitajika. Wanaoshika samaki wasiudharau mchomo wa mwiba uliovimba, kwa kuwa bakteria wa majini huingia hapo.

Kuhusu ununuzi, ninapendelea kopo dogo lililofungwa kiwandani kuliko mafuta ya kupima yanayochotwa kwenye ndoo, hata kama ya kupima ni nafuu kidogo. Ndoo inayofunguliwa mara nyingi huingia vumbi na vidole vya watu, na hakuna anayeweza kuthibitisha kilichoongezwa ndani. Mafuta haya hayana maji, kwa hiyo hayaozi haraka, lakini kidole chenye usaha kikitumbukizwa koponi huacha vijidudu kwa ajili ya mtu atakayefuata; kijiko kidogo safi kinatosha kuchotea. Jua la mchana likiyayeyusha hayajaharibika, yataganda tena kivulini. Kopo moja dogo, likitumiwa usiku tu kwa kiasi nilichoeleza, humfikisha mtu mmoja mbali ndani ya kiangazi kwa gharama ndogo kuliko mrija mmoja wa krimu ya yurea, na linapatikana karibu kila duka la dawa kuanzia Kirumba hadi katikati ya mji.