Paipu nyeusi ya milimita 20 kwa nyaya za taa za bustani, Lamu

Kwa taa za volti 12, paipu nyeusi ya maji inaishinda ile nyeupe ya PVC. Nyeupe ikipigwa na jua hukauka kama ganda la yai. Punda akiikanyaga, imepasuka. Nyeusi ina masizi ndani ya plastiki yake, basi hustahimili jua, tena hupinda bila elbo (kiungo cha kona). Kero yake ni kubaki imejiviringisha: waya haupiti mpaka uvutwe kwa kamba ya nailoni.

Fukia sentimita 15, au sentimita 30 penye jembe au punda, na toa vipande vya matumbawe kwanza. Maungio yasikae ndani ya paipu; chumvi hula shaba, taa zikafifia. Midomo izibwe kwa silikoni, la sivyo sisimizi watahamia. Na iwekwe alama, fundi bomba asije akaikata akidhani ni ya maji.