Marko au Yohana: uanze na Injili ipi?

Ukitaka kusoma Injili moja kwa utulivu ili imani yako ikue, wengi watakuelekeza kwa Yohana. Sura zake 21 zinakwenda taratibu: Nikodemo anakuja usiku na maswali yake, mwanamke Msamaria anazungumza na Yesu kisimani, na sura ya 13 hadi ya 17 zote ni usiku mmoja tu kabla ya kusulubiwa. Hapo unasoma aya chache, unanyamaza, unaomba.

Marko ana sura 16, ni fupi kuliko zote nne, na unaweza kuimaliza kwa kikao kimoja.

Mimi ningeanza na Marko, hasa kwa mtu ambaye imani yake inayumba. Katika sura ya 4 Yesu amelala juu ya mto wa kulalia, upande wa nyuma wa mashua, mawimbi yakiingia ndani. Wanafunzi wanamwamsha kwa hofu, tena kwa lawama. Katika sura ya 9 baba wa kijana anayeteseka anapaza sauti, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe anaponywa. Sala hiyo unaweza kuiomba leo, jinsi ilivyo. Injili ya Yohana mtu huyo aisome baadaye, akiwa ameshamwona Yesu akitembea, akichoka, akiwahurumia watu.