Mossberg 500 ya mtumba: bunduki ya kulinda nyumba bila kufilisika

Kwa ndugu mnaoishi huku Marekani mnaotafuta shotgani ya nyumbani na hela ni ya mawazo, mimi nimechukua Mossberg 500 yuzdi, geji 12 (ukubwa wa tundu la mtutu), duka la mtaani hapa Texas, dola 260, na nimeridhika kabisa. Hii modeli ipo tangu miaka ya 60 kwa hiyo spea zimejaa kila kona na bei zake ni za kawaida. Swichi ya usalama iko juu, nyuma pale kwenye kidole gumba, mtu wa mashoto anaitumia freshi tu, ila mara nyingi ni ya plastiki, ibonyeze vizuri kabla hujalipa.

Hakikisha haina risasi kisha mulika tochi ndani ya mtutu, kutu ya juujuu inasafishika lakini ukiona vishimo au mtutu umebonyea achana nayo. Mkono wa pampu (ule unaovuta nyuma na mbele kuingiza risasi) kucheza kidogo ni kawaida yake, usiogope. Dukani utajaza fomu 4473 (fomu ya serikali ya kununua bunduki) na watacheki rekodi zako. Halafu jamani kama una watoto weka bajeti ya sefu humohumo, sio baadae.