Kitasa cha ATM ya maziwa kilipogoma: kazi ya mchonga funguo niliyemwita

Nina ATM ya maziwa dukani, huku Kisauni, Mombasa. Kwa asiyeijua, ni kabati la chuma cha pua lenye tangi na mtambo wa kupooza; mteja anataka ya hamsini, unabonyeza, maziwa yanatoka kwa kipimo. Mlango unaofikia tangi hufungwa kwa kitasa kidogo cha ufunguo wa duara, ule ulio kama kibomba, sawa na vitasa vya mashine nyingi za soda. Kabati halishiki kutu kwa urahisi, lakini kitasa changu kilikuwa cha zinki iliyong'arishwa juu tu, na hewa ya chumvi ya huku kwetu haikukihurumia. Kilianza kukaza, kisha kikagoma nusu ya mzunguko, na kijino cha ufunguo kikakatikia humo humo.

Jambo kama hilo halingoji. Tangi lisipofunguka halioshwi, na maziwa ya tangi lisilooshwa siwezi kumuuzia mtoto wa mtu.

Fundi friji wa mtaani alikuja na mtaimbo, anataka kubanjua mlango. Mwingine akataka kukata kwa grainda. Niliwashukuru wote, nikawaaga. Kitasa ni cha mia kadhaa, lakini mlango ukipinda ule mpira wa pembeni haubani tena na baridi yote inavuja. Halafu kuta za kabati zina sponji ya kuzuia joto, na cheche za grainda zikiingia humo ni moto.

Ndipo jirani akanipa namba ya mchonga funguo mmoja wa mjini. Alichonifurahisha ni kwamba alitaka picha kabla ya kutaja bei. "Dada, usikiguse tena, wala usitie mafuta ya kupikia," akaniambia. Mafuta hayo huganda, yakabeba vumbi, na vipini vya ndani, vile vijiti vidogo vinavyozuia kitasa kisizunguke bila ufunguo wake, vikazidi kunasa.

Alipofika alichomoa plagi, akatandika kitambaa kibichi juu ya kifuniko cha tangi kupitia upenyo wa mlango, kadiri kilivyoingia. Akapuliza unga wa grafiti tunduni, akajaribu kifaa chake cha kupapasia vipini. Havikusogea. Hapo akasema wazi kwamba ni lazima kutoboa, na bei itapanda. Nilipenda alivyoniambia kabla ya kuanza.

Kutoboa kwenyewe ndiko kulikoniridhisha. Hakutumia keekee ya kawaida. Alikuwa na kimsumeno cha duara chenye ncha katikati. Ncha inakaa kwenye kile kishikizo cha katikati ya kitasa, meno yanazunguka palepale palipopangwa vipini. Drili aliiendesha polepole, akipumzika, na meno ameyapaka grisi ili yanase unga wa chuma usitapakae. Nikamuuliza mbona hatumii sumaku. Akacheka: shaba na zinki hazishikwi na sumaku, na vipini ni vya shaba. Vipini vilipokwisha kuliwa, bisibisi ilitosha kuuzungusha ulimi, kile kibapa cha nyuma ya kitasa kinachoushika mlango, nao ukafunguka. Ukimtazama kwa mbali ungedhani daktari wa meno.

Tundu la mlangoni lilibaki zima, la milimita 19, kwa hiyo kitasa kipya kiliingia bila kupanuliwa. Alipima urefu wa shina na mkunjo wa ulimi wa zamani kwanza. Ulimi ukiwa mfupi kidogo tu, mlango unachezacheza. Nikamtaka asinipe kitasa cha bei ya chini kabisa. Mwaka 2004 huko Marekani watu walionyesha kwamba baadhi ya kufuli za baiskeli za Kryptonite, zenye ufunguo wa duara kama huu, zilifunguka kwa bomba la kalamu ya Bic, na kampuni ikalazimika kuwabadilishia wateja. Alichoniwekea kina vipini vigumu zaidi na kifuniko cha kuzuia vumbi.

Kazi na kitasa vilinigharimu shilingi 2,500, alianzia 3,500. Si rahisi, lakini nimelipia mlango mzima usiopinda.

Lawama ninazo. Alichelewa sana, na simu hakushika. Drili iliteleza mwanzoni ikaacha mchubuko kando ya tundu, akajifanya hakuuona mpaka nilipomwonyesha. Risiti hana. Na kile kifuniko cha vumbi ni cha plastiki nyepesi. Sidhani kitamaliza mwaka kwa jua la hapa. Usafi nao tulibaki nao sisi: maziwa yaliyokuwa ndani niliyamwaga na tangi tukaliosha kwa maji moto na dawa yake, kwa sababu kitambaa hakikufunika kila pembe.

Kwa kutoboa nampa nyota tano, kwa adabu ya saa nampa mbili. Mwenye mashine ya soda, ya mafuta au ya maziwa amwite bila wasiwasi, ila apatane naye bei ya kutoboa na bei ya kitasa mbalimbali, na amtake funguo tatu badala ya mbili. Ijumaa hachukui kazi mpaka baada ya sala.